Meli imefika, na kisha? Neno juu ya michezo ya vita vya majini

Wale wanaongojea sehemu ya pili ya andiko langu juu ya kukausha muhogo, mnivumilie wiki moja. Leo nataka tuongee juu ya michezo ya telefone na ya kompyuta, ile ya kuongoza meli, kubeba askari na kuteka bandari. Najua kuna mkubwa mmoja ataandika hapa chini kwamba mtu wa lisansi ya agronomia hana kazi na mambo ya namna hii. Asome kwanza mpaka mwisho, kisha anitukane vizuri.

Jambo lilianza hivi. Rafiki yangu mmoja aliyesoma informatiki, tulikaa naye chumba kimoja miaka miwili, anatengeneza mchezo juu ya vita vya ziwa Tanganyika, ile ya 1915 na 1916: Wabelgiji na Waingereza upande wa Kalemie, Wajerumani upande wa Kigoma. Kazi nzuri, nasema kweli. Ramani ameichora mwenyewe kwa mkono, milima ya Mitumba inaonekana kabisa, na sauti ya mawimbi aliirekodi Uvira. Akanitumia faili kwa Bluetooth, akaniambia: « Vié, cheza kwanza, utaniambia yenye haitembei. »

Nikacheza siku mbili. Nikachukua upande wa Wajerumani, juu wao walikuwa na meli kubwa, Graf von Götzen. Nikapakia askari pale Kigoma. Nikafinya pwani ya Congo, meli ikaenda. Nikafinya tena, askari wakashuka. Nikafinya Kalemie, bendera ikageuka. Kufinya mara tatu, na mji ni wangu.

Nikakaa nikajiuliza swali moja tu: kama ilikuwa rahisi hivi, kwa nini Wajerumani wenyewe hawakufanya? Meli walikuwa nayo. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikavunjwa vipande, ikatiwa ndani ya makasha maelfu, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam, kisha kwa treni mpaka Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini 1915. Ilikuwa inaweza kubeba mamia ya askari kwa safari moja. Kwa miezi mingi hakuna chombo kingine ziwani kilichokuwa na nguvu za kuizuia. Na Kalemie haikutekwa.

Kwa hiyo kuna kitu mchezo haujui. Nikaanza kukitafuta, na nikaona kwamba siyo rafiki yangu peke yake asiyekijua. Alijifunza kwa wakubwa.

Tuanze na Civilization V, ya 2010. Wengi wetu hapa hatujaigusa yenyewe, lakini tunacheza Unciv, ile nakala ya bure ambayo ni nyepesi na haiombi koneksyo, inatembea hata kwenye telefone yenye kioo kimepasuka. Katika Civilization za zamani ulikuwa lazima ujenge meli ya kubebea, upakie kikosi kimoja kimoja, utafute manowari ya kuisindikiza, kisha uende. Watu walichoka na kupakia na kupakua. Kwa hiyo toleo la tano likaondoa yote: ukishapata elimu fulani, askari wako anaingia majini mwenyewe na anageuka mashua. Mashua hiyo imetoka wapi, nani aliiunda, usiulize. Halafu 2012, kwa nyongeza inayoitwa Gods & Kings, meli za kupigana karibu zikapewa ruhusa ya kuteka miji ya pwani zenyewe. Fikiri kidogo. Manowari inapanda mpaka mtaa wa soko, inakaa kwenye ofisi ya burgumesta, inatawala.

Sisemi ni mchezo mbaya. Nimepoteza usiku mwingi juu yake, na sehemu moja ya mémoire yangu ilichelewa kwa sababu yake, promota wangu asisome hapa. Nasema kwamba wameondoa kazi ya kuchosha, lakini ndani ya ile kazi ya kuchosha mlikuwa na uamuzi, na uamuzi nao umetoka pamoja nayo.

Polytopia, ile yenye watu wadogo wa pembe nne, inafanya karibu hivyo: askari anakanyaga bandari, anakuwa chombo cha majini. Lakini kuna sheria moja ndogo ninaipenda sana. Akitoka majini na kukanyaga nchi kavu, mwendo wake umekwisha. Anabaki pale mchangani, zamu ya adui inapita juu ya kichwa chake. Sheria ya mstari mmoja, na tayari unaanza kufikiri: nimshushe hapa karibu na mji apigwe, au kule mbali achelewe? Njo vile mchezo unaanza kuwa na maana.

Iliyo bora zaidi kati ya zote ninazozijua ni ya zamani, Advance Wars ya Nintendo, ya 2001. Meli ya kushushia inabeba vikosi viwili tu. Haishushi popote, inashusha kwenye ufuo wa mchanga au bandarini. Kikosi kilichoshuka leo hakifanyi kitu leo. Meli ikizama, waliomo wanakufa nayo. Na kuteka mji kunachukua muda: mji una pointi 20, kikosi kizima chenye nguvu 10 kinaondoa 10 kwa siku, kwa hiyo siku mbili. Kikifika kimepigwa, kimebaki na nguvu 5, siku mbili zinakuwa nne. Mnaona? Hali ambayo askari amefika nayo inaamua kama mji utaupata kabla adui hajarudi. Ile hesabu ni ya mtoto wa shule ya msingi, lakini ina ukweli kuliko michezo mingine yenye picha za sinema.

Kuna pia Hearts of Iron IV, ya 2016, niliyoicheza kwenye kompyuta ya binamu yangu, ventileta yake inalia kama mashine ya kusaga. Pale unachora mstari kutoka bandari yako mpaka ufuo wa adui, unangojea siku za matayarisho, na lazima bahari ya katikati iwe mikononi mwako. Ukishuka bila kupata bandari, vikosi vyako vinaanza kukosa chakula na risasi. Hiyo ni haki kabisa. Lakini ukishachora mshale, kazi yako imekwisha, unaweza kwenda kupika chai. Kushuka kwenyewe kunafanyika bila wewe.

Sasa nitoke kwenye vioo, niende Tanga. Ni mji wa bandari wa Tanzania ya leo, kaskazini mwa Dar es Salaam, na mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walijaribu kuuteka kwa njia ya bahari. Mtu anayetengeneza mchezo wa kuteka bandari na hajasoma hadithi ya Tanga, mimi namlinganisha na mtu anayepanda nyanya bila kuuliza udongo.

Hesabu kwanza. Waingereza walileta karibu watu 8,000 kutoka India, wengi wao askari Wahindi, chini ya jenerali Arthur Aitken. Upande wa pili, Paul von Lettow-Vorbeck, akishakusanya wote, alikuwa na karibu 1,000, wengi askari Waafrika. Weka namba hizo katika Unciv au katika mchezo wa rafiki yangu: nane kwa mmoja, tena na manowari nyuma. Unafinya, umeshinda, unaendelea na mambo mengine.

Kilichotokea ni hiki. Wale watu walikuwa wamekaa ndani ya meli wiki nyingi, joto, kutapika, wengi hawajawahi kuona bahari. Makamanda walikutana Mombasa kupanga, lakini askari hawakushushwa kupumzika. Tarehe 2 Novemba, kapteni wa manowari HMS Fox akaingia kwanza Tanga kuwaambia Wajerumani kwamba mapatano ya kutopigana pale yamekwisha, kwamba wajisalimishe. Yaani alibisha hodi. Halafu kulikuwa na hofu kwamba bandari imetegwa mabomu ya majini. Wakafagia maji, hawakupata hata moja, juu hakukuwa na hata moja. Lakini ile hofu ilikula saa, na kwa kuogopa bandari wakashusha askari pembeni, kwenye ufuo wa Ras Kasone, kilometa chache mashariki ya mji, usiku, kwenye mikoko na magugu.

Wakati huo huo, kule Moshi, mwisho mwingine wa reli, kilometa karibu 350, Lettow-Vorbeck alikuwa anapakia watu wake kwenye treni. Kila saa ambayo bahari inapoteza, reli inaipata. Tarehe 3 asubuhi kikosi cha kwanza cha Waingereza kikashambulia, kikarudishwa. Tarehe 4 wakaenda wote. Kuna vikosi viliingia mpaka ndani ya mji, vingine vikavunjika njiani, na nyuki waliochokozwa na risasi wakatoka kwenye mizinga yao wakauma kila mtu bila kuuliza bendera. Tarehe 5 Waingereza wakarudi ndani ya meli. Waliacha ufuoni bunduki mamia, bunduki za rashasha 16 na risasi karibu 600,000. Lettow-Vorbeck akavaa vita yake kwa silaha za waliokuja kumpiga.

Rafiki yangu niliposimulia akasema: « Ah, basi nitaongeza nyuki. » Vié, hapana! Nyuki wasubiri. Kitu cha kwanza kuongeza ni saa ya kushuka.

Hapa ndipo nitawaomba mniruhusu niingie shambani, maana ninaloelewa kuliko yote ni miche.

Mwaka wa L2 tulikuwa na kazi ya kupeleka miche 1,200 ya kabichi kisiwani Idjwi. Miche mizuri, siku 30, majani manne matano, mtu angepiga picha. Tulifika kwanza bandarini, kwa hiyo tulipakia kwanza, na sisi na ujinga wetu tulifurahi. Kisha ikaja mifuko ya simenti, ikaja mifuko ya unga, ikaja bidoni za mafuta ya mawese, ikaja mbuzi. Cha kwanza kuingia ni cha mwisho kutoka. Tulipofika, tulingojea badokere washushe mzigo wote wa juu, jua la saa saba linatupiga, na tulipofikia makarato yetu, miche ilikuwa imelala kama watu wa kilio. Mkubwa wa kazi akasema tupande hivyo hivyo, leo leo, juu siku za mradi zinaisha. Tukapanda saa tisa mchana. Karibu nusu ilikufa. Wakulima wa pale walituangalia bila kusema kitu, na ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko matusi.

Kila mmoja wetu wa agro anajua kilichotokea. Mche uliotoka kitaluni una mizizi, una majani, ukiupima uzito ni mche mzima. Lakini mizizi haijashika udongo mpya. Siku za kwanza unakunywa kidogo kuliko unavyopoteza. Ukiuhesabu ni mmoja, ukiuomba kazi ni sufuri. Njo maana tunapunguza maji kitaluni kabla ya safari ili uzoee shida, tunapanda jioni, tunafunika, na tunangojea ushike.

Askari wa Aitken walikuwa miche. Watu 8,000 kwenye karatasi, na hakuna aliyekuwa ameshika.

Kwa hiyo hii ndiyo sheria niliyompendekezea rafiki yangu. Kila kikosi kinachoshuka kiwe na kipimo kimoja, tukiite « kushika ». Kinaanza chini au juu kulingana na siku zilizokaliwa majini, hali ya ziwa, kama wameshuka mchana au usiku, kama walipakiwa na silaha zao au silaha ziko meli nyingine. Kila zamu wakipumzika ufuoni, kinapanda. Kikiwa chini, kikosi kinaweza kujilinda kidogo, lakini kushambulia ni kujiua. Hakuna namba ishirini za kukumbuka, ni moja. Na upande wa pili, mwenye mji apewe saa ya treni au ya barabara: zamu ngapi mpaka msaada ufike.

Sasa angalia mchezaji amekuwa wapi. Ameshusha watu 300. Kushika ni kidogo. Akishambulia leo, mji una walinzi wachache lakini watu wake ni dhaifu. Akingojea kesho kutwa, watu wake wamekuwa imara, lakini treni imefika. Hakuna jibu sawa la kudumu, kila mara lazima apime. Tanga yote iko ndani ya swali hilo moja, na mchezaji hakuhitaji kusoma kitabu.

Neno la kupakia nalo lisipite bure. 1915, wakati Waingereza na Wafaransa walitaka kushuka Gallipoli, Uturuki, meli zao zilikuwa zimepakiwa ovyo, vitu vinavyohitajika pamoja viko katika meli mbalimbali. Ikabidi zirudishwe mpaka Alexandria, Misri, kupakuliwa na kupakiwa upya. Shambulio la manowari peke yake lilishindwa 18 Machi, askari wakashuka 25 Aprili. Zaidi ya wiki tano, na Waturuki wakachimba mahandaki. Mtu aliyewahi kusafirisha nyanya chini ya mifuko ya simenti haitaji profesa wa kumweleza hayo. Lakini sijacheza mchezo hata mmoja wa telefone unaokuuliza: nini kiingie kwanza?

Basi tuseme umeshuka, umeshika, umeteka. Michezo mingi inamaliza hapo. Bendera inageuka, bandari inaanza kukuletea pesa zamu ile ile. Na mimi naona kosa la pili ni hapa, kubwa karibu kama la kwanza.

Bandari ni mdomo. Thamani yake ni kiasi inachoweza kumeza kwa siku. Mnajua Anvers, kule Ubelgiji, ile ambayo magari mengi ya okazyo tunayoyaona hapa yamepitia. Majeshi ya Washirika yaliiteka 4 Septemba 1944, gati na mashine za kunyanyulia karibu zote ni nzima, bahati ya ajabu. Lakini Anvers haiko baharini kabisa, iko juu ya mto Schelde, karibu kilometa 80 kutoka bahari, na kingo za mdomo wa mto zilibaki kwa Wajerumani. Meli za kwanza za mizigo zikaingia 28 Novemba. Siku 85 bandari ni yao, bendera ni yao, na haimezi hata mfuko mmoja. Huko Cherbourg, Ufaransa, miezi miwili kabla, ilikuwa kinyume: Wajerumani waliona mji unapotea, wakaivunja bandari wenyewe kwa baruti kabla ya kujisalimisha. Ndiyo maana wale waliopanga kushuka Normandy, wakikumbuka namna Wakanada walivyochinjwa mbele ya bandari ya Dieppe Agosti 1942, walibeba bandari zao wenyewe za saruji na chuma, wakazivuta baharini vipande vipande. Mbili. Moja ilivunjwa na tufani ya 19 Juni 1944 ikiwa na siku chache tu za kazi.

Katika mchezo, kwa hiyo, anayelinda awe na uamuzi wake pia: nivunje bandari yangu sasa, au nitumaini kwamba nitaikomboa? Ukivunja mapema, umejinyima chakula. Ukichelewa, umemlisha adui. Huo ni uchungu mzuri, wa kweli, na hauhitaji picha hata moja mpya.

Na ziwa letu lina mfano wake, ambao rafiki yangu alikuwa nao mkononi akaupita. Kigoma haikutekwa kutoka majini. Majeshi ya Wabelgiji, yaani wengi wao askari Wakongomani wa Force Publique, yalipita nchi kavu, Rwanda, Burundi, yakashuka na mwisho wa Julai 1916 yakaichukua Kigoma kwa mgongo. Wajerumani walipoona reli inakatika, waliizamisha Götzen wenyewe, karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini waliizamisha kwa akili: mashine zilipakwa grisi nzito kwanza, kama mtu anayehifadhi mbegu. Waingereza waliinyanyua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo wazee wa Kalemie na Uvira wanalijua bila kufungua Gugo. Kuzamisha meli yako ukiwa na nia ya kuikuta tena: nani amewahi kuweka kifungo cha namna hiyo katika mchezo?

Turudi basi kwa swali langu la mwanzo, kwa nini Götzen haikuteka Kalemie. Sidai kuwa mwanahistoria, lakini mtu akiangalia kama mtengeneza mchezo, anaona kwamba mamia ya watu walioshushwa ufuoni lazima walishwe kila siku kwa meli hiyo hiyo moja. Meli moja ikienda kuleta unga haiko pale kulinda. Na ikizamishwa siku ile, wale walioshuka si jeshi tena, ni mateka wenye njaa. Thamani ya Götzen ilikuwa zaidi katika kutisha: kila mji wa pwani ulilazimika kungojea kana kwamba itakuja usiku huu. Hata mzinga wake mkubwa ulipoondolewa kupelekwa vitani kwingine, waliweka wa uongo mahali pake, na hofu ikaendelea kufanya kazi. Waingereza nao, pale Bismarckburg, leo Kasanga, kusini ya ziwa, boti zao zilisita kukaribia kwa sababu ya mizinga ya ngome, Wajerumani wakatoroka kwa mitumbwi, na mizinga ikaonekana ni ya mbao. Mabomu ya Tanga hayakuwepo, mizinga ya Kasanga ilikuwa miti. Michezo yetu inakuonyesha juu ya kila bandari namba ya nguvu zake, safi, kwa rangi ya kijani. Ondoa ile namba. Weka « watu wanasema ».

Rafiki yangu alinijibu, na jibu lake si la kudharau. Aliniambia: « Weye unasema kama mutu wa shamba, uko na uvumilivu. Batu banacheza ndani ya taxi, dakika kumi. Bakingojea zamu tatu ili ba askari bashike, banafunga, banarudi TikTok. » Kweli. Mchezo mzito ambao hakuna anayeufungua haumfundishi mtu kitu. Nilimwambia kwamba zamu tatu za kungojea hazichoshi kama kuna treni inayokuja. Kinachochosha ni kungojea bila hofu. Hajakubali bado.

Tuligombana zaidi juu ya kitu kingine. Boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zile zilizovunja nguvu za Wajerumani ziwani, zilitoka Uingereza mpaka Cape Town kwa meli, zikapanda kwa treni mpaka Fungurume, Katanga, kisha zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu, zikapita Bukama, zikashuka Lualaba mpaka Kabalo, na tena treni mpaka ziwani. Zilifika Oktoba 1915. Katika mchezo wake safari yote hiyo ni maandishi mistari minne na picha ya kamanda Spicer-Simson. Nikamwuliza: na waliokata barabara? Waliovuta kamba? Huko ndiko kubeba askari na silaha kulipofanyika kweli, na waliobeba ni babu zetu. Akasema: « Hiyo haiko vita, ni transpor. » Nikamwambia, ndugu yangu, umesema jina la mchezo wako.

Tulinyamaziana siku nne. Kisha akanitumia faili jipya, mega 38, bila salamu. Nimelijaribu jana usiku na vijana watatu wa G3. Kushika imewekwa. Mmoja wao alishusha watu karibu na Kigoma usiku, ziwa limechafuka, akashambulia papo hapo, akapoteza wote, akaitupa telefone kitandani akisema mchezo uko na bugi. Akairudia mara tano. Mara ya tano alipakia chakula mwisho ili kitoke kwanza.

Treni ya Kigoma bado haijatiwa, na bandari ukiiteka bado inaleta pesa zamu ile ile. Milima ya Mitumba ameniambia anaifikiria. Nyuki tayari wako.